Tangi la Perege, Chaani

"Samaki mkubwa anataka maji kiasi gani?"

Aliyeniuliza ni Yeremia, mwenye nyumba niliyokuwa nikiishi Chaani, mwaka ambao vita vilikuwa vinaelekea ukingoni na unga ulikuwa wa kupimiwa. Alisimama uani na sare yake ya gadi wa garimoshi la mizigo, jasho limemchora mgongoni, na miguuni pake palikuwa na madebe mawili yaliyofunikwa gunia bichi. Ndani mlikuwa na perege watatu, samaki wa mtoni huko bara, wale ambao watu wa ziwani huwaita ngege. Alikuwa amesafiri nao ndani ya behewa lake, akiwabadilishia maji kila stesheni yenye bomba. "Wewe ndiye uliyesoma, Kadzo," alisema. "Haya, tuambie." Nilikuwa nimesoma kweli, kwa kadiri msichana wa Kirabai alivyoweza kusoma siku zile. Nilijua kuzidisha urefu kwa upana kwa kina. Ungenionyesha tangi lolote ningekwambia linameza madebe mangapi. Lakini samaki mwenyewe anataka kiasi gani, hilo halikuwa katika hesabu nilizofundishwa, na mimi niliyezoea kuuliza kuliko kuulizwa nilisimama pale nikitazama gunia likitikisika.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu juzi tumemzika Bi Damaris, mke wa Yeremia. Mumewe alitangulia miaka mingi. Siku hizi nakwenda mazikoni kama mtu anayekwenda kazini, nikijua mapema nitakaa wapi na goti lipi litaanza kuuma. Nilipofika niliona tangi bado lipo pale uani, kati ya jiko na mpapai, ila limejazwa udongo na kuoteshwa mchicha. Waombolezaji walikuwa wamekaa ukingoni mwake na sahani za wali mapajani. Kijana mmoja aliyenisogezea kiti nilimuuliza kama anajua kile ni kitu gani. Akaniambia kwa heshima kwamba ni msingi wa duka ambalo babu hakulimaliza. Sikumsahihisha. Nimechoka kusahihisha watu, na huko nyuma nilifanya kazi hiyo zaidi ya sehemu yangu.

Mwaka ule nilikuwa nafundisha watoto wadogo katika shule ya kanisa Changamwe, nikisubiri nafasi ya kuendelea na masomo. Chumba changu kilikuwa cha udongo, na ukuta uliokitenga na chumba cha Yeremia na Damaris haukufika kwenye makuti. Uliishia usawa wa mikono iliyoinuliwa, na juu yake palikuwa wazi. Kikohozi, harufu ya mafuta ya taa, sala, ugomvi, vyote vilipita hapo bila kubisha. Nilikuwa mtu wa kutotulia. Nilimuuliza mchungaji kwa nini Mungu alihitaji siku ya kupumzika. Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini watoto wakariri majina ya mito wasiyoinywa. Mama Mbeyu, jirani yetu wa upande wa jiko, alikuwa akisema kwamba mwanamume atakayenioa atakuja na pamba masikioni. Damaris hakunicheka. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliyekwisha choka kama mzee, na alikuwa na njia ya kusikiliza swali hadi mwisho, kisha akaendelea kukuna nazi.

Jioni moja, tumekwisha kula sima ya muhogo na mchicha, na Damaris ameacha chakula chake kwa sababu harufu ya ng'onda, samaki wakavu waliokuwa wakichomwa kwa jirani, ilimshinda, nilisikia sauti yake juu ya ukuta. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa bapa, kama mtu anayeagiza chumvi. "Mwenzangu, hii nayo ikitoka, mimi narudi kwetu Kaloleni. Wala usinifuate."

Ndipo nilipojua ana mimba. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hapo, zote kwa homa. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia Yeremia kwamba homa ya mbu ndiyo inayotoa mimba, kwamba Damaris ameze kwinini na akae mbali na mbu. Kukaa mbali na mbu Chaani kulikuwa sawa na kuambiwa ukae mbali na hewa. Tulikinga maji ya mvua katika kila chombo, kwa kuwa mfereji wa kuchotea maji ulikuwa mbali, na foleni yake ilikuwa ndefu, na kila chombo kilikuwa na viluwiluwi vinavyojipindapinda. Yeremia hakumjibu mkewe usiku ule. Nilimsikia akisogeza kigoda, akakaa.

Jibu lake lilikuwa wale perege. Yeremia alikulia Kisauni, karibu na nyumba za Waswahili wenye birika za maji zilizojengwa uani, na kila mtu wa Mombasa mwenye birika anajua kwamba humo hutiwa visamaki vidogo, ukubwa wa kidole, vipate kula viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni desturi ya zamani na inafanya kazi. Ila Yeremia alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli huamini ukubwa: injini kubwa huvuta mabehewa mengi. Akawaza kwamba ikiwa kisamaki cha kidole kinamaliza viluwiluwi vya birika, samaki wa kushika kwa mikono miwili atamaliza vya mtaa mzima. Mimi nilimuuliza kama amewahi kumwona perege akila kiluwiluwi. Akaniuliza kama mimi nimewahi kumwona asile.

Yeremia alimwita Mzee Athmani kutoka Kisauni, fundi aliyejenga birika za misikiti hata akawa anatembea akitazama chini kama anayetafuta usawa wa sakafu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi juu ya mbuzi ya Damaris ya kukunia nazi maana kiti kilikuwa kimoja na alikikataa. Akasema birika hapimi kwa maji bali kwa watu: wangapi watainama kutawadha kwa pamoja, viwiko visigongane. Ya samaki hajapata kupima. Alifikiri kidogo, akaomba aletewe yule mkubwa. Yeremia akamlaza juu ya gunia bichi, na mzee akampima kwa shubiri, kichwa hadi mkia, samaki akipigapiga na mzee akimtuliza kwa kiganja kama mtoto anayenyolewa.

"Samaki tumpimie kugeuka," alisema. "Ageuke asiguse ukuta. Urefu wake mara tatu, basi, wallahi hatodai zaidi."

"Na akikua?" nikauliza.

"Akikua, binti yangu, tutamla."

Wote walicheka, hata Damaris. Nilicheka pia, na niliona ni kanuni nzuri, ina sababu ndani yake. Hata hivyo kanuni haikufuatwa. Saruji ilikuwa ya shida wakati ule. Yeremia alipata kidogo iliyokwisha anza kuganda, na nafasi kati ya jiko na mpapai ilikuwa ile ile. Tangi likawa na upana wa kitanda cha mtu mmoja na kina cha magoti. Likatiwa mchanga chini lisiteleze, likajazwa maji ya mvua, na perege wakatiwa humo. Hakuna aliyejua yupi dume na yupi jike, na hakuna aliyeuliza, hata mimi.

Damaris ndiye aliyewatunza. Asubuhi kabla ya kufagia alikaa ukingoni na kuwarushia ukoko wa sima. Aliwajua mmoja mmoja: mweusi mwenye ubavu mpana, mwekundu wa mapezi, na mdogo wa rangi ya majivu ambaye alipenda kona yenye kigae kilichoegemezwa ukutani. Huyo mdogo alimpenda zaidi. Alipokuwa akikuna nazi alisogeza mbuzi karibu naye. Mara nyingi nilimkuta akizungumza, naye aliponiona aliendelea kana kwamba mimi ni mmoja wa samaki.

Kwanza mambo yalionekana mema. Yule mweusi alianza kuchimba. Alichota mchanga kwa mdomo, akautema kando, akachota tena, hadi kukawa na shimo la mviringo chini ya tangi kama bakuli. Yeremia alipoliona alifurahi sana. Alisema samaki anatafuta viluwiluwi hadi chini ya mchanga. Lakini maji yalichafuka, Damaris akawa hawezi kuyatumia hata kufulia, na mweusi akawa hampi mwekundu nafasi. Alimfukuza ukuta hadi ukuta. Asubuhi moja tulimkuta mwekundu anaelea, mkia umechanika kama kanga kuukuu. Mama Mbeyu alikuja kutazama mikono kiunoni.

"Mmejenga tangi mkasahau ukumbi," alisema. "Hao ni wake wenza chumba kimoja. Mlitaka walale wapi?"

Yeremia alisema tangi ni dogo. Mzee Athmani alipoletewa habari alisema yeye alitoa kipimo, waliokipunguza wajiulize wenyewe. Nami nilisema maji machafu yamemuua. Kila mtu alikuwa na sababu yake na wote tuliitetea kwa sauti, huku Damaris akimfukia yule samaki chini ya mpapai. Tulimwona akishika ukuta alipoinuka. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na hakuna mtu aliyelitaja.

Kisha akaja bwana afya. Siku zile walipita mtaani na kata nyeupe yenye mpini mrefu, wakachota kila maji yaliyotuama, na msaidizi nyuma amebeba kopo la mafuta machafu. Wakiona viluwiluwi walimwaga mafuta juu ya maji, na maji hayo hayakufaa tena kwa mtu wala samaki. Bwana afya wetu alichota kwenye tangi, ukingoni penye ukungu wa kijani, akaiinamisha kata kwenye jua na kutuonyesha. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza. Yeremia alimweleza habari za samaki kwa kirefu, kofia mkononi. Bwana afya hakuwa mtu mbaya. Alisema atapita tena, na akivikuta atamwaga mafuta.

Baada ya siku chache yule mdogo wa rangi ya majivu aliacha kula. Damaris alirusha ukoko, ukazama mbele ya pua yake, naye hakufungua mdomo. Alijibana nyuma ya kigae, mapezi yakienda polepole, na kidevu chake kilikuwa kimevimba. Mama Mbeyu alimtazama akasema ni matubwitubwi, na akashauri apakwe masizi ya chungu kama watoto wanavyopakwa. Mimi nilimuuliza masizi yatakaaje kwenye samaki. Siku ikaisha, ikaja nyingine, samaki hakula. Na Damaris naye hakula. Alikuwa akikaa na sahani yake ukingoni, anaivunja sima vipande, anaviviringisha, anavirudisha.

Nilimwambia, kwa upole nilioudhani ni upole, kwamba samaki ni samaki. Kwamba tumbo lake yeye halihusiani na tumbo la perege, na kwamba akiendelea hivyo atajitia homa kwa njaa bila hata mbu kuwapo. Alinisikiliza hadi mwisho kama kawaida yake.

"Najua, Kadzo," akasema. "Mimi pia nilisoma kidogo. Lakini wewe unauliza kwa sababu hujapoteza kitu. Mimi nikimwangalia yeye sipati nguvu ya kumeza."

Juu ya ukuta nilimsikia akiulizia garimoshi la abiria linalopita karibu na kwao, ni siku gani. Yeremia akamtajia siku ambayo halikuwepo. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimelipanda mwenyewe. Kesho yake, kabla ya saa ya kazi, Yeremia alianza kubomoa ukuta mmoja wa tangi kwa nondo.

Alikuwa amekata shauri: tangi dogo ndilo linalomwua yule mdogo, tangi dogo ndilo linalomfanya mwingine asile mbu, na bwana afya yuko njiani. Angeliongeza hadi kwenye mpapai kwa matofali ya udongo yaliyopakwa saruji juu, awe amefika kile kipimo cha Mzee Athmani, hata jiko likibaki bila njia. Kwanza samaki wahamishwe. Yeremia akakunja suruali akaingia majini. Damaris akanipa ncha moja ya kanga yake kuukuu, yeye akashika nyingine, tukaikokota kama wavu. Mweusi alinaswa upesi, akatiwa katika pipa la maji ya mvua lililokuwa kando. Yule mdogo alitupa taabu. Alijibana, akatoroka chini ya kanga, akarudi kwenye kona ile ile, hadi Yeremia akamshika kwa mikono na kumtia katika ndoo aliyoishika Damaris.

Ndani ya ndoo samaki alitulia. Kisha akafungua mdomo, na vikatoka vitu vidogo vya manjano, kama mtama uliopikwa, vingi, vikashuka taratibu hadi chini. Akafunga, akafungua tena, vikatoka vingine. Niliinama. Kila punje ilikuwa na vidoa viwili vyeusi.

"Anatapika," alisema Damaris.

Mama Mbeyu alikuwa amekwisha fika. "Ndio ugonjwa huo. Umetoka wote. Mwageni mbali, na asikanyage mtu."

Damaris alimwinua samaki kwa kiganja, akamweka pipani na yule mweusi. Na ndoo akaimwaga mwenyewe chini ya mpapai. Kuku wakaja.

Kesho yake asubuhi samaki alikula. Alikula ukoko wote na akarudi juu kutafuta mwingine. Damaris alikuja mlangoni kwangu kuniita nione, akisema "Kadzo, Kadzo," nami nikaitika abee na kutoka kabla sijafunga kanga vizuri. Tulisimama pale juu ya pipa. Kidevu kilikuwa kimerudi sawa. Damaris aliingia jikoni, akachukua kiporo cha sima na mchuzi wa nazi, akala chote amesimama.

Tangi jipya lilipojazwa, bwana afya alichota kwa kata yake mara kadhaa asione kitu. Akamsifu Yeremia mbele ya majirani, na majirani wawili wakaanza kupima nyua zao. Garimoshi la abiria halikuulizwa tena. Masika yalipokuwa yanamalizika Damaris alijifungua mtoto wa kiume aliyelia hadi kule barabarani, akaitwa Karisa. Nami mtu wa maswali nilikuwa nimeridhika, maana nilikuwa na ushahidi: samaki alikuwa katika tangi dogo akaumwa, ametolewa akapona. Mwaka huo ulipoisha nilipata nafasi yangu ya masomo nikaondoka Chaani.

Tangu hapo nimepata wakati mwingi wa kuupangua ule ushahidi. Viluwiluwi viliisha kwa sababu tulimwaga maji ya zamani yote. Perege mkubwa hula zaidi ukungu wa kijani; mbu alikuwa akizaliana mbele ya macho yake bila kumsumbua. Mweusi hakuwa akitafuta viluwiluwi alipochimba. Alikuwa dume anaandaa mahali pa jike kutagia, na mwekundu alikuwa dume mwenzake. Kuhusu kipimo, Yeremia alikuwa karibu na kweli kuliko sisi sote: madume wawili hawatoshi katika maji ya upana wa kitanda, na samaki wa namna hiyo hupimiwa ukubwa atakaoufikia, si ule alionao juu ya gunia. Swali lake lilikuwa na jibu, nami nililipata nikiwa sina tena wa kumpa. Kitu kimoja tu sikuweza kukipangua. Mtoto alizaliwa, na mama yake alikuwa amekula.

Matangani, Karisa, ambaye sasa ana mvi kuliko baba yake alivyozipata, alisimama kueleza maisha ya mama. Alieleza ile hadithi kama alivyolelewa nayo. Kwamba mama alikuwa akisema: kulikuwa na samaki mgonjwa kama yeye, akatapika ugonjwa wake ndani ya ndoo, na ulipomwagwa wakapona wote wawili. Alisema mama alikuwa akiwaambia wakwe zake, kila mmoja alipochukua mimba, wasiogope, kuna siku mwili hutema ubaya wote. Watu wakaitikia amina. Karisa akanigeukia. "Shangazi Kadzo alikuwepo. Alishika kanga. Si ndivyo, Shangazi?"

Watu waliokuwa ukingoni mwa tangi, na sahani zao, wakanitazama.

"Ndivyo," nikasema. "Nilikuwepo."

Nilikuwa nimekwenda chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa, miaka mingi baada ya ule mwaka. Asubuhi moja katika maabara tuligawiwa perege waliohifadhiwa kwenye chupa, tuwachore. Wangu alikuwa mdogo, rangi ya majivu, mdomo umefunguliwa na kushikizwa kwa kijiti. Ndani mlikuwa na punje za manjano, na kila punje ilikuwa na vidoa viwili vyeusi. Mhadhiri alikuwa akipita kati ya meza, akieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha yasema hayo mara nyingi kwamba vidoa ni macho; kwamba perege jike huwalea wanawe kinywani, na siku zote anazowabeba hali kitu.